Asili Ipi, Wanga Upi? Uhakiki wa Hoja ya Lishe ya Mababu katika Mjadala wa Magonjwa Sugu Afrika Mashariki

Utangulizi

Methali "mwacha asili ni mtumwa" imepewa kazi mpya. Zamani wazee waliitumia kumwonya kijana aliyedharau mila za kwao. Leo watetezi wa ulaji huitumia kumshawishi mgonjwa wa kisukari aache ugali, wali, mkate na viazi, arudie nyama, mayai, mafuta na mboga za majani, kwa kuwa hivyo, wanadai, ndivyo walivyokula mababu kabla magonjwa haya hayajaingia nchini. Hoja hii ina viungo viwili ambavyo husemwa kwa pumzi moja. Kiungo cha kwanza ni cha historia: kwamba mababu zetu walikula wanga kidogo. Cha pili ni cha tiba: kwamba mgonjwa akipunguza wanga, sukari ya damu na uzito vitashuka. Makala hii inashikilia kwamba kiungo cha pili kina ushahidi unaostahili kusikilizwa na wizara za afya, na kwamba cha kwanza, kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ni hadithi. Aidha, inashikilia kwamba kuvifunga viungo hivi pamoja kunamdhuru mgonjwa na kumpotosha mshauri wa sera, kwa sababu udhaifu wa kimoja hufichwa na nguvu ya kingine.

Suala hili si la mabishano ya jikoni. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, watu wazima wapatao milioni 24 katika ukanda wa Afrika walikuwa wakiishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamegunduliwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikadiria kwamba asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na kwamba takribani robo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Pale ambapo mtaalamu wa lishe ni adimu, ushauri wa kwanza anaoupata mgonjwa hutoka kwa jirani, redioni au katika simu ya mkononi, na ushauri huo siku hizi huja umevaa joho la asili.

Maandishi yanayohakikiwa hapa ni yale ambayo mjadala wenyewe huyatumia kama mashahidi: ripoti ya Orr na Gilks ya mwaka 1931, kitabu cha Weston Price cha 1939, tafiti za Mann kuhusu Wamasai za 1964 na 1972, na kazi za madaktari wa Mulago, yaani Shaper, Trowell na Burkitt. Mwishoni tutagusa jaribio la Kilimanjaro lililochapishwa mwaka 2025. Hatutamjadili mtetezi yeyote wa leo kwa jina. Tunachohakiki ni namna ushahidi unavyosomwa.

Maneno mawili yanayobeba mzigo mzito

Neno "asili" katika Kiswahili hubeba maana tatu ambazo hazilazimiki kwenda pamoja. Lina maana ya chanzo, kama katika asili ya mto au asili ya ukoo. Lina maana ya kitu ambacho hakijatiwa mkono wa kiwanda, kama tusemavyo juisi ya asili. Na lina maana ya kitu cha kwetu, kilichorithiwa, kama ngoma za asili na dawa za asili. Anayehubiri lishe ya asili huanza na maana ya pili, ambayo hakuna anayeipinga: chakula kisichokobolewa wala kutiwa sukari ni bora kuliko soda na mkate mweupe. Kisha huteleza kwenye maana ya tatu, kwamba chakula hicho ni urithi wetu. Hatimaye hutua kwenye maana ya kwanza, kwamba ndicho binadamu alichoumbiwa tangu enzi za mawe. Msikilizaji aliyekubali hatua ya kwanza hujikuta amevushwa hadi ya tatu bila kuulizwa.

Tukiipima asili kwa umri, matokeo hayamfurahishi mtu yeyote. Mahindi yalitoka bara la Amerika na kufika Afrika baada ya safari za Wareno. Jina lenyewe, lenye harufu ya Uhindi, linakiri kwamba mmea huu ulipokelewa kama kitu kilichovuka bahari. Muhogo nao ulitoka Amerika. Ndizi na mpunga wa Asia vilikuja kutoka mashariki, ingawa ndizi zilikwisha kuwa uti wa mgongo wa maisha ya Buganda, Buhaya na Uchagani karne nyingi kabla ya ukoloni. Kwa kipimo hiki, ugali wa mahindi haupiti. Lakini ugali wa mtama, wa uwele na wa ulezi unapita, maana nafaka hizo zilifugwa na wakulima wa Afrika hii hii, nazo ni wanga mtupu. Tukirudi nyuma zaidi, katika pango la Ngalue huko Msumbiji, Mercader aliripoti mwaka 2009 chembe za wanga wa mtama-mwitu kwenye zana za mawe za miaka isiyopungua 105,000. Wapo wanaakiolojia wanaohoji kama chembe hizo ni ushahidi wa kula au ni masalio tu, na swali hilo ni halali. Hata hivyo, anayedai kwamba mababu hawakuzijua nafaka ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha.

Neno la pili ni "wanga". Elimu ya afya shuleni ilitufundisha makundi matatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kulinda mwili, na vya kutia nguvu, na katika kundi hili la mwisho sukari ya mezani, sembe, dona, viazi vikuu na ndizi vikawekwa kapu moja. Mpango huo ulifaa kwa wakati wake, wakati adui mkuu alikuwa njaa na utapiamlo wa watoto. Leo kapu hilo limegeuzwa kuwa shtaka. Maharage makavu, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni wanga na ambayo hupandisha sukari ya damu taratibu, huhukumiwa pamoja na soda. (Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kujizuia kukumbuka wanga wengine, wale wa usiku, na ukisikiliza baadhi ya mahubiri ya lishe unapata shaka kama mhubiri ametofautisha maneno hayo mawili.) Neno moja linapobeba vitu vyenye athari tofauti kiasi hiki mwilini, sera inayojengwa juu yake itakuwa pana mno au finyu mno.

Mmasai aliyegeuzwa hoja

Hakuna jamii ya Afrika Mashariki iliyotumikishwa katika mjadala huu kuliko Wamasai. Wanatajwa London, Cape Town na California kama ushahidi hai kwamba binadamu anaweza kuishi kwa nyama, maziwa na damu bila maradhi ya moyo. Kwa kuwa sisi ndio tunaoishi nao, ni wajibu wetu kusoma kwa makini zaidi kilichoandikwa juu yao.

Orr na Gilks, waliofanya kazi Kenya katika miaka ya 1920, waliwalinganisha Wamasai na Wakikuyu. Waliripoti kwamba mwanaume wa Kimasai alikuwa mrefu zaidi kwa takribani inchi tano, mzito zaidi kwa ratili 23, na mwenye nguvu zaidi kwa nusu nzima. Takwimu hizo zimenukuliwa kwa karibu karne moja. Yasiyonukuliwa ni mawili. Kwanza, ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba Wamasai walisumbuliwa zaidi na matatizo ya choo na baridi yabisi, wakati Wakikuyu walisumbuliwa zaidi na upungufu wa damu, ulemavu wa mifupa na meno mabovu. Kila ulaji ulikuwa na maradhi yake. Pili, tofauti kati ya wanawake wa jamii hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume, kwa kuwa wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani na vyakula vingine ambavyo wanaume hawakuvijali. Mwanahistoria Cynthia Brantley, alipoirudia ripoti hiyo mwaka 1997, alionyesha jinsi ilivyong'oa jamii hizo mbili kutoka katika historia yake. Wakikuyu waliopimwa walikuwa watu wa koloni, wenye ardhi iliyopungua na kazi za kulazimishwa. Kuwaita kielelezo cha ulaji wa mimea ni sawa na kumpima mfungwa kisha kuandika kitabu juu ya chakula cha kabila lake.

Weston Price, daktari wa meno kutoka Cleveland, alipita Kenya, Uganda na Kongo mwaka 1935. Yeye pia aliyasifu meno ya Wamasai. Ila mstari alioukata haukuwa kati ya wanga na mafuta. Ulikuwa kati ya vyakula vya wenyeji, viwe vya wafugaji, wavuvi au wakulima, na bidhaa za biashara ya kisasa: unga mweupe, sukari, vyakula vya makopo. Watetezi wa wanga mdogo wanaomtaja kama babu yao wa kifikra wamerithi picha zake na kuacha hoja yake.

Kesi iliyo nzito kuliko zote ni ya George Mann. Mwaka 1964 yeye na wenzake waliripoti uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika, pamoja na wanawake na watoto kadhaa. Waliwakuta na lehemu ya chini katika damu na dalili chache mno, au hakuna kabisa, za ugonjwa wa mishipa ya moyo, licha ya maziwa na nyama. Hapo ndipo watetezi hufunga kitabu. Mwaka 1972 Mann alichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mishipa ilikuwa na utando mwingi wa mafuta. Unene wa ukuta wa mishipa ya moyo ulilingana na ule wa wazee wa Marekani. Kilichowaokoa, kwa maoni ya mwandishi mwenyewe, ni kwamba mishipa yao ilitanuka kadiri umri ulivyosonga, ikawa mipana kiasi cha kufidia uziba, na alikisia kuwa chanzo cha upana huo ni ukakamavu wa mwili.

Mahali hapa pande zote mbili za mjadala hukosa uaminifu, na inafaa kusema hivyo bila kumumunya maneno. Wapenzi wa mafuta hunukuu 1964 na kunyamazia 1972. Wapinzani wao hunukuu nusu ya 1972, ile ya utando, na kunyamazia mishipa iliyotanuka na mioyo ambayo haikuwa imekufa kwa maradhi hayo. Ukisoma makala zote mbili pamoja, unachokipata ni mtu anayetembea. Hilo lilithibitika kwa vipimo miaka mingi baadaye, pale Mbalilaki na wenzake walipopima Wamasai na jirani zao wa Kibantu wa vijijini na mijini nchini Tanzania. Wamasai walitumia kwa siku takribani kilokalori 2,565 juu ya mahitaji ya msingi ya mwili, wakazi wa vijijini 1,500, na wa mjini 891. Anayemwambia karani wa Nairobi au Dar es Salaam, anayekaa kitini saa tisa, ale kama Mmasai, amempa nusu ya agizo.

Kuna jambo lingine ambalo halimo katika picha za majarida. Ulaji wa nyama na maziwa pekee ulikuwa kwa kiasi kikubwa ulaji wa morani, yaani wa rika moja, jinsia moja, na kwa majira. Wanawake, watoto na wazee walikula nafaka walizozipata kwa kubadilishana na Wakikuyu, Waarusha na Wachaga, hasa kiangazi maziwa yalipopungua. Supu ilichemshwa na magome na mizizi, ukiwemo mti wa olkiloriti, na si mapambo tu. Leo unga wa mahindi na chai yenye sukari ni sehemu ya kawaida ya boma. Watafiti walipofika, walimpima zaidi morani kwa sababu ndiye waliyemjia.

Shahidi asiyeitwa

Kama Mmasai ameitwa mahakamani mara mia, Mganda hajaitwa hata mara moja, ingawa ushahidi wake ulikusanywa na madaktari mahiri zaidi wa enzi hiyo. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha katika The Lancet matokeo kutoka Kampala. Miongoni mwa Waafrika wa Uganda, maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa karibu hayapo. Miongoni mwa Waasia wa mji uo huo, yalikuwa tatizo kubwa. Chakula cha hao wa kwanza kilikuwa matoke, viazi vitamu, muhogo na maharage, na mafuta ya wanyama yalikuwa machache. Yaani ni ulaji ambao sehemu kubwa kabisa ya nguvu yake ilitoka kwenye wanga.

Waandishi hao waliyasoma matokeo yao kama ushahidi dhidi ya mafuta. Usomaji huo ulikuwa wa haraka, na aliyeutikisa ni Shaper mwenyewe, pale alipokwenda kaskazini mwa Kenya na mwaka 1962 kuripoti juu ya Wasamburu. Hao waliishi kwa maziwa kwa wingi wa ajabu, na bado lehemu yao ilikuwa chini na mioyo yao mizima. Daktari mmoja, katika kipindi kisichozidi miaka mitano, alileta jamii mbili za eneo moja, moja ya wanga na nyingine ya mafuta, na zote mbili zilikuwa salama dhidi ya ugonjwa uliokuwa ukiwaua Waingereza. Mtu akiziweka mezani pamoja, dai kwamba wanga ndio chanzo haliwezi kusimama, na dai kwamba mafuta ndiyo chanzo haliwezi kusimama pia. Kinachobaki ni kile ambacho jamii zote mbili hazikuwa nacho: sukari ya kiwandani, unga uliokobolewa, mafuta ya kukaangia yasiyo na kikomo, na siku nzima ya kukaa.

Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929 hadi mwisho wa miaka ya 1950, na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, ndio waliolifikia jambo hili kwa uwazi zaidi. Kitabu walichokihariri mwaka 1975 kina jina linalotosha kuwa hoja: Refined Carbohydrate Foods and Disease. Neno la kwanza ndilo lenye uzito. Hawakuushtaki wanga, waliushtaki wanga uliovuliwa makapi yake. Na Trowell hakuwa mtu wa kuipamba migomba. Ni yeye aliyetumia miaka mingi akipambana na kwashiakoo, ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji na ndizi bila maziwa wala maharage, na mwaka 1954 akaandika kitabu juu yake pamoja na Davies na Dean. Migomba ile ile iliyolinda mioyo ya watu wazima haikutosha kumjenga mtoto. Mwenye kutafuta pepo ya mababu asome rekodi za wodi za watoto za Mulago.

Ni haki kuongeza tahadhari moja. Uchache wa maradhi ya moyo katika miaka ya 1950 ulitokana kwa sehemu na ukweli kwamba watu wengi hawakufikia umri wa kuyapata, na wengi wa waliofariki vijijini hawakuchunguzwa. Lakini tahadhari hiyo inawahusu Wamasai na Waganda sawasawa. Haiwezi kutumiwa kumfuta shahidi mmoja na kumbakiza mwingine.

Majirani wa Ziwa Eyasi

Kwa anayetaka ushahidi wa kale zaidi, Tanzania kaskazini inao katika eneo moja. Wahadza hula mizizi, matunda-mwitu, ubuyu, nyama na asali, na Marlowe na wenzake walikadiria mwaka 2014 kwamba asali pekee huwapa takribani asilimia 15 ya nguvu. Jirani zao Wadatoga ni wafugaji. Perry na wenzake, mwaka 2007, walihesabu nakala za jeni inayoongoza kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga. Wahadza waliwekwa katika kundi moja na Wajapani na Wamarekani wenye asili ya Ulaya, yaani jamii za wanga mwingi zenye nakala nyingi; Wadatoga katika kundi la wanga mdogo. Mwaka huo huo Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba uwezo wa watu wazima wa Kenya na Tanzania wa kusaga maziwa ulitokana na badiliko la jeni la miaka elfu chache tu iliyopita. Wawindaji ndio wenye mate ya wanga, na wafugaji ni wageni wa juzi katika historia ya binadamu. Kuupa ufugaji cheo cha ulaji wa kwanza kabisa ni kuipindua historia juu chini.

Tiba iliyo na babu mwingine

Sasa tukigeukie kiungo cha pili, ambacho kinastahili heshima zaidi ya kile kinachopewa na wapinzani wake. Ulaji wa wanga mdogo una ukoo, ila ukoo huo hauko Umasaini. Mwaka 1863 William Banting, mtengenezaji wa majeneza na mshughulikiaji wa mazishi jijini London, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Afrika Kusini hadi leo huuita ulaji huu kwa jina lake. Huyu ndiye babu halisi wa lishe inayouzwa kwetu kama ya mababu.

Ushahidi wa kisasa ni huu. Mwaka 2021 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa Goldenberg na wenzake uliokusanya majaribio 23 yenye washiriki 1,357 wenye kisukari cha aina ya pili. Baada ya miezi sita, asilimia 57 ya waliopunguza wanga walikuwa na sukari iliyorudi chini ya kiwango cha ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 31 ya waliokula vinginevyo. Baada ya mwaka mmoja faida ilipungua. Hayo si matokeo ya kupuuza, na daktari anayemcheka mgonjwa aliyejaribu njia hii hajasoma. Lakini kando yake liwekwe jaribio la DiRECT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2017. Asilimia 46 ya washiriki walifikia nafuu baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 4 ya kundi la ulinganisho, na kinywaji walichopewa kwa miezi ya mwanzo kilikuwa na kilokalori 825 hadi 853 kwa siku, ambazo zaidi ya nusu zilitoka kwenye wanga. Kilichowaponya ni kupungua uzito. Njia ya kuupunguza inaweza kuwa ya wanga mdogo kwa anayeimudu, na inaweza isiwe.

Neno "kuimudu" ni la kusisitizwa. Kwa familia ya kipato cha chini Kisumu, Mwanza au Mbale, kutoa ugali na maharage mezani na kuweka nyama na mayai ni gharama inayoweza kula ada ya shule. Zaidi ya gharama kuna hatari ya moja kwa moja. Wagonjwa wengi wa kisukari katika eneo letu wanatumia glibenklamidi au insulini. Anayeacha wanga ghafla huku akiendelea na dozi ile ile anaweza kushukiwa na sukari kiasi cha kupoteza fahamu usingizini. Anayeacha dawa kwa sababu ameambiwa kwamba asili inatosha, naye akiwa na kisukari cha aina ya kwanza, anaweza kufa katika siku chache. Hadithi ya mababu ndiyo inayofanya hatari hizi zisitajwe: mababu hawakuwa na glibenklamidi, kwa hiyo katika hadithi hiyo dawa haina nafasi ya kutajwa hata kwa onyo.

Kilimanjaro, 2025, na kazi ya sera

Mwezi Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa Kilimanjaro na watafiti wa Moshi na wenzao wa Nijmegen, wakiongozwa na Quirijn de Mast na Godfrey Temba. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea vyakula vya kijijini, yaani mboga, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kizungu vilivyosindikwa. Waliozoea vya mjini wakahamishiwa kwenye vya kijijini. Kundi jingine likanywa mbege kwa wiki moja. Alama za uvimbe katika damu zilipanda kwa kundi la kwanza, na kinga ya seli ikadhoofika. Zilishuka kwa kundi la pili na la wanywaji wa mbege, na baadhi ya mabadiliko yalidumu wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Chakula kilicholeta nafuu hiyo ni cha asili kwa maana ya pili na ya tatu ya neno letu, na ni cha wanga mwingi. Kwa hiyo neno "asili" linaweza kubaki katika miongozo ya ulaji, mradi lisiachwe peke yake. Tanzania Bara ilitoa mwongozo wake mwaka 2023 na Kenya wake mwaka 2017. Matoleo yajayo, na yale ya nchi jirani, yanapaswa kuligawa kapu la wanga katika Kiswahili ambacho mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kukitamka: wanga mzima, kama dona, ulezi, viazi na kunde, wanga uliokobolewa, kama sembe, wali mweupe na mkate, na sukari, ambayo haifai kuitwa wanga mbele ya mgonjwa hata kama mkemia ataiita hivyo. Mgonjwa wa kisukari anayetaka kupunguza makundi yote matatu asizuiwe. Aulizwe kwanza dawa anazotumia, apunguziwe dozi na daktari kabla ya kubadilisha sahani, na apewe tarehe ya kurudi kupimwa, kwa wiki na si kwa miezi.

Jaribio la Kilimanjaro nalo lina mipaka. Wiki mbili ni fupi, na washiriki hawakuwa wagonjwa. Aidha, kama ilivyokuwa kwa mioyo 50 ya Mann na kwa vipimo vya Orr na Gilks vilivyovuma zaidi, waliohesabiwa ni wanaume. Katika nchi zetu ni wanawake wanaoongoza kwa uzito uliozidi, ni wao wanaopatwa na kisukari cha ujauzito, na mara nyingi ni wao wanaoamua kama unga utakaonunuliwa ni dona au sembe. Jaribio linalofuata lianze nao, lichukue wagonjwa walio kwenye dawa, na lidumu mwaka mmoja angalau, ili kiangazi na masika vyote viingie katika hesabu.